Kabla Hujaandika VG+: Niliyojifunza Nikiuza Santuri za Ami

Ami yangu alipofariki, makasha yake ya santuri yaliingia katika mirathi pamoja na nyumba, vyombo na saa ya ukutani. Kwa kuwa mimi nilikuwa na mazoea ya kuuza vitu mtandaoni, shangazi zangu waliamua nizichukue, niziuze, na kila shilingi niiandike daftarini ili igawanywe kwa haki. Nilikubali bila kusita. Wanunuzi wa santuri za zamani za Afrika Mashariki wapo, Ulaya, Japani, Marekani na hata Nairobi, na kuwapata hakukunisumbua sana. Kilichonisumbua ni kuipa kila santuri daraja lake, yaani kumwambia mtu aliye mbali, ambaye hajaishika wala kuisikia, iko katika hali gani, kwa herufi mbili tatu tu, naye atume fedha kwa kuziamini herufi hizo.

Najua nyumba nyingi za Mombasa, Tanga, Unguja na Nairobi bado zina makasha kama yale, chini ya kitanda au juu ya kabati. Iko siku mtu atazifungua. Haya ni ya kumsaidia siku hiyo.

Ami alikuwa na hoteli ndogo miaka ya sabini na themanini, na santuri zake zilikuwa za namna mbili. Kulikuwa na za hotelini: dansi la Tanzania na Kenya, benga, rumba ya Kongo, karibu zote zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Hizi zilipigwa tangu chai ya asubuhi mpaka wateja wa mwisho walipoondoka, kwa mashine yenye mkono mzito na sindano ambayo haikubadilishwa mpaka igome kabisa. Halafu kulikuwa na za nyumbani, taarab tupu, nyingi za lebo ya Mzuri ya Assanand & Sons wa hapa hapa Mombasa: Juma Bhalo, Zein l'Abdin, Matano Juma, Zuhura Swaleh. Hizo zilipigwa kwa adabu, watu wameketi, na zikarudishwa katika karatasi zake.

Nilizichanganya zote mezani kwa sababu nilitaka kuzipanga kwa majina ya waimbaji. Usifanye hivyo. Kabla hujatoa hata moja kashani, waulize wazee: hizi zilipigwa wapi? Kwa mashine ya namna gani? Zilikaa chumba gani, cha juu au cha chini, ukutani pa kaskazi au palipovuja mvua? Majibu hayo yatakuambia mengi ambayo macho hayawezi kuyaona, na ukishazichanganya huyapati tena.

Madaraja yenyewe si mengi. Wauzaji wengi duniani hufuata mfumo wa jarida la Marekani liitwalo Goldmine, na ndio huo unaotumiwa na Discogs, soko kubwa la santuri mtandaoni. Juu kabisa kuna M (Mint), santuri isiyo na kasoro yoyote, daraja ambalo wauzaji makini karibu hawalitumii. Inafuata NM (Near Mint), inayokaribia kuwa kamili. Kisha VG+ (Very Good Plus), iliyopigwa lakini ikatunzwa, yenye michubuko myepesi isiyosikika au inayosikika kwa nadra. VG (Very Good) ina mchakarisho unaosikika mwanzoni mwa wimbo na mahali palipotulia, na mikwaruzo ambayo kucha inaweza kuihisi, ila muziki bado unatawala. G+ na G (Good, yaani nzuri) hupigika mpaka mwisho bila kuruka, kwa kelele nyingi. Chini yake ni F na P (Fair na Poor): zilizopasuka, zilizopinda vibaya, zinazoruka au kukwama. Herufi hizo zisikudanganye. G ni santuri iliyochoka, na anayenunua anajua hivyo. Uingereza utakuta pia daraja la Excellent, ambalo hutumiwa na jarida la Record Collector, kwa hiyo mnunuzi wa huko akikuuliza, mweleze unafuata mfumo upi.

Kila daraja lina fedha zake. Kwa kipimo cha Goldmine, VG+ huthaminiwa takriban nusu ya bei ya NM, VG robo yake, G+ na G asilimia 10 hadi 15, na P haizidi asilimia 5. Hebu tazama maana yake. Ukipandisha daraja moja tu, kutoka VG hadi VG+, umeongeza bei maradufu kwa alama moja ya kujumlisha. Kishawishi kiko hapo, hasa unapokuwa na warithi wanaosubiri.

Na kishawishi hicho huja kwa sura ya heshima. Unaitazama santuri ya mwaka 1974, unaona imepita mikono mingi, unajiambia: kwa umri wake, hii ni nzuri. Ndipo unapokosea. Daraja haliangalii umri. Santuri ya 1974 na iliyotengenezwa mwaka jana hupimwa kwa kipimo kimoja. Wala haliangalii uadimu. Ikiwa ni nakala unayoamini hakuna nyingine Mombasa nzima, uadimu huo uuweke katika bei. Mnunuzi anayetafuta wimbo usiopatikana atalipa vizuri hata kwa VG, mradi ajue ni VG. Nimeuza za VG kwa fedha nyingi kuliko VG+ nyingine, na hakuna aliyelalamika.

Madirisha ya Mji wa Kale hayakunisaidia. Mwanga wa mchana uliosambaa chumbani huifanya kila santuri ionekane nzuri. Aliyenifumbua macho ni fundi mmoja mzee wa redio kule mtaa wa Mwembe Tayari, ambaye zamani alikuwa akiitengeneza mashine ya ami. Nilimpelekea santuri ambayo mimi niliiona safi kabisa. Akawasha taa ya meza yenye balbu kali, akaishika santuri kwa ukingo na shimo la kati, akaiinamisha polepole chini ya mwanga.

“Haya, tazama sasa, mwanangu.”

Nikaona. Uso mzima ulikuwa na mikwaruzo myembamba kama unywele, na karibu na lebo, ile karatasi ya katikati, mifuo, yaani mistari inayofuatwa na sindano, ilikuwa imegeuka rangi, kijivu badala ya weusi unaong'aa.

“Mzee, hii ni vumbi?”

“Vumbi ningelifuta. Hapa sindano imekula. Hoteli hiyo.”

Hakuwa ameambiwa ilitoka hotelini.

Tangu hapo nilikuwa nafanya hivi. Natumia balbu moja kali, iliyo juu kidogo na pembeni, sehemu nyingine ya chumba iwe na giza. Naiinamisha santuri huku na huku, kwa sababu mkwaruzo unaoonekana kwa pembe moja hupotea kwa nyingine. Kila mkwaruzo ninaouona, napitisha ukucha juu yake kwa wepesi sana. Ukucha ukikwama, mkwaruzo huo utasikika, na santuri hiyo haipandi juu ya VG hata upande mzima uliobaki ung'ae kama kioo. Usipokwama, huenda ukasikika au usisikike. Halafu naiweka santuri kwenye mashine na kuitazama ikizunguka, jicho likiwa usawa wa ukingo wake, ili nione kama imepinda. Kupinda kidogo ambako sindano hukufuata bila shida kunavumilika hadi VG+, ila lazima ukutaje. Mwisho naangalia shimo la kati: vimistari vilivyozunguka shimo kwenye lebo huachwa na mtu aliyekuwa akipapasa na santuri gizani akitafuta mhimili, na vikiwa vingi ujue ilipigwa sana, hata uso uwe umesalimika.

Lakini macho peke yake hayatoshi, na hili nalisisitiza kwa sababu lilinigharimu. Katika santuri za kwanza nilizouza kulikuwa na ya dansi, iliyong'aa, isiyo na mkwaruzo wa kuhisika. Niliiandika VG+ kwa kuitazama tu, ikaenda Ujerumani. Mnunuzi alinijibu kwa upole: sauti inapasuka kila mwimbaji anapopandisha, na mwisho wa upande ni mbaya zaidi. Alikuwa sahihi. Sindano nzito iliyochakaa huisaga mifuo ndani kwa ndani bila kuacha mkwaruzo juu. Nilimrudishia fedha zote, na santuri nikamwachia, kwa sababu kuirudisha kungegharimu zaidi ya thamani yake. Gharama ya posta niliilipa kutoka mfukoni mwangu; sikuona haki kuitoa katika fungu la warithi.

Kwa hiyo sasa kila santuri inayozidi bei ya kawaida naisikiliza, pande zote mbili, mpaka mwisho. Mwisho ndio wenye siri. Sindano inapokaribia kati, kila mzunguko huwa mfupi zaidi huku mwendo wa kuzunguka ukibaki uleule, kwa hiyo sauti ileile inabanwa katika nafasi ndogo, na uchakavu huanza kusikika hapo kabla ya mahali pengine popote. Sikiliza herufi “s” katika maneno ya mwimbaji. Zikitoka kama mate yanayorushwa, mifuo imechoka. Sikiliza tarumbeta na sauti za juu za wanawake katika taarab. Kama dakika ya mwisho ni safi, upande mzima huwa salama.

Tiki za mikwaruzo zihesabu. Santuri ya 45 huzunguka mara 45 kwa dakika, kwa hiyo mkwaruzo mmoja unaokatiza mifuo hutoa tiki moja karibu kila sekunde moja na theluthi. Tiki kumi mfululizo ni kama sekunde 13. Hayo ni maelezo ambayo mnunuzi anayaelewa mara moja: “tiki nyepesi, mara kumi, mwanzoni mwa upande B.” Ni afadhali kuliko kuandika “mikwaruzo michache”, maneno ambayo kila mtu huyajaza anavyopenda.

Upo pia upande wa pili wa mambo, na huu ulinipa furaha. Katika zile taarab za nyumbani kulikuwa na santuri zilizoonekana mbaya kupita kiasi: zimefifia, zina madoa meupe ya ukungu, moja ilikuwa na mabaki ya karatasi yaliyoganda juu yake. Hewa ya pwani hufanya hivyo. Niliziosha kwa maji ya betri, yale yasiyo na asidi, yaliyochanganywa na alkoholi kidogo ya isopropili na matone mawili matatu ya sabuni ya vyombo, kwa kitambaa laini, nikifuata mzunguko wa mifuo na kamwe si kuikatiza, lebo ikiwa imekingwa isilowe. Nikazisuuza kwa maji ya betri matupu, nikaziacha zikauke kivulini zikiwa wima. Ukizianika juani zitapinda mbele ya macho yako. Nilipoweka sindano, Juma Bhalo akatoka safi kama aliyekaa chumba cha pili. Shangazi alikuwa jikoni. Aliacha alichokuwa akifanya, akaja akasimama mlangoni mpaka wimbo ukaisha.

Santuri kama hiyo niipe daraja gani? Kwa macho ni VG, kwa masikio ni VG+. Kanuni niliyojiwekea ni kuandika lile la chini, kisha kueleza kwa maneno kwamba inapigika vizuri kuliko inavyoonekana. Kuna wauzaji wanaofanya kinyume chake. Mimi naona mtu akipokea kitu kizuri kuliko alichoahidiwa atarudi kununua tena, na walirudi.

Si ukungu wote unaosafishika. Ukikaa miaka mingi huacha alama ndani ya plastiki yenyewe, na mchakarisho wake haukomi hata uoshe vipi. Vivyo hivyo mifuko laini ya plastiki ambayo watu huvisha santuri wakidhani wanazilinda: katika joto letu hutoa mvuke unaoganda juu ya santuri kama utando, na utando huo huleta mvumo usiotoka. Ami alizivisha mifuko hiyo santuri zake bora kabisa, kwa kuzipenda. Kama unazo nyumbani katika mifuko laini inayonata, zitoe leo, uzitie katika bahasha za karatasi.

Na kuna kelele ambazo si kosa la mtu yeyote aliyeimiliki. Tanzania bendi zilirekodi Radio Tanzania kwa kanda, lakini santuri zenyewe zilitengenezwa Nairobi, na si kila siku kiwandani ilikuwa siku njema. Nimekuta za 45 zisizo na dalili ya kupigwa, zenye mchakarisho tangu zilipozaliwa, au mahali plastiki haikujaa vizuri kwenye mifuo na sauti ikatoka kama kitambaa kinachochanwa. Mnunuzi hajali ni kosa la nani. Santuri inapigwa jinsi ilivyo, daraja linashuka, na unaeleza sababu.

Zile za kale za mizunguko 78 ni ulimwengu mwingine na zinahitaji tahadhari yake. Ami alirithi kasha moja kwa babu. Familia nzima ilikuwa na matumaini kwamba humo mna Siti binti Saad, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya HMV, kampuni ya santuri ya Uingereza. Hakuwemo. Zilikuwa za baadaye, nzuri, lakini si zile. Santuri hizi hazikutengenezwa kwa vinili, ile plastiki, kama za 45 na LP, zile kubwa zenye nyimbo nyingi. Ni za sheleki, nzito na dhaifu kama sahani ya udongo, na alkoholi huiyeyusha sheleki. Binamu yangu mmoja alikuwa ameshika chupa ya spiriti tayari kuzifuta nilipomzuia. Ya sheleki ifute kwa maji kidogo yenye tone la sabuni, uikaushe upesi, basi. Wala usiipime kwa sindano ya LP: mifuo yake ni mipana, sindano nyembamba hutumbukia ikakwangua chini, utasikia kelele tupu na kuipa santuri daraja baya isilostahili. Inatakiwa sindano yake maalumu, pana mara tatu hivi. Ziangalie zikiwa zimeinuliwa dhidi ya mwanga utafute ufa unaoanzia ukingoni. Ufa usiofika kwenye mifuo ni jambo la kutaja tu, unaoingia ndani huishusha mpaka chini kabisa.

Jalada hupewa daraja lake peke yake. Utaona watu wanaandika VG+/VG: ya kwanza ni ya santuri, ya pili ni ya jalada. Katika LP angalia kama duara la santuri limejichora juu ya picha, kama mishono imefumuka, kama pembe zimepondeka, kama kuna madoa ya maji au njia za mchwa. Kwa zile za 45 hapa kwetu, nyingi zilikuja katika bahasha ya karatasi tupu au ya kampuni, na Discogs wana neno lake, Generic. Usiipe bahasha tupu daraja la juu kana kwamba ni jalada halisi.

Lebo nayo ina yake. Ami aliandika jina lake kwa kalamu ya wino, kwa herufi za Kiarabu, kwenye karibu kila lebo, na za hotelini alizitia nambari ili kijana wa mashine azipate upesi. Kwa kanuni, maandishi kwenye lebo ni kasoro, lazima yatajwe na yaonekane kwenye picha. Nilihuzunika kuandika jina la ami yangu katika orodha ya kasoro. Nimeliandika kila mara, na wapo walioniuliza jina hilo ni la nani, nikawaambia.

Picha piga kwa mwanga wa pembeni, bila mweko wa kamera. Pale penye mkwaruzo mbaya kuliko yote, weka kidole kando na upige hapo. Nilianza pia kurekodi nusu dakika ya mwanzo wa wimbo, sindano inapotua na muziki haujaanza, na nusu dakika ya mwisho, na kumtumia anayeulizia kwa WhatsApp. Tangu nianze kufanya hivyo ubishi umekwisha. Maelezo yangu huwa hivi, na unaweza kuyachukua jinsi yalivyo:

“Santuri VG, bahasha Generic. Imeoshwa, imesikilizwa pande zote. Upande A: mchakarisho mwepesi sekunde chache za mwanzo, kisha safi. Upande B: mkwaruzo unaohisika, tiki nane katikati ya wimbo, hairuki. Jina la mwenye santuri kwa wino kwenye lebo ya upande A. Imepinda kidogo, haiathiri sauti.”

Sasa fedha, kwa sababu nisipozitaja utashtuka mwenyewe. Mashine ya kupigia niliinunua kuukuu. Sindano mpya na kichwa chake vilizidi bei ya mashine. Usikwepe gharama hiyo. Ukisikilizia kwa sindano iliyochakaa unapata majibu ya uongo na unaziharibu santuri unazotaka kuuza. Fundi aliupima mkono kwa mizani ndogo akauweka kwenye gramu mbili, kiasi kilichoelekezwa kwa kichwa kile. Mkono wa ile mashine ya hoteli ulikuwa ukikandamiza zaidi ya hapo kwa mbali. Discogs hukata asilimia 9, na hukata mpaka kwenye fedha za posta ulizomtoza mnunuzi, si bei ya santuri peke yake. PayPal nao wana lao, kisha kuna tofauti ya kubadilisha fedha unapozivuta kuja M-Pesa. Posta ya kusajiliwa kwenda Ulaya kwa santuri moja ya bei ndogo huweza kuipita bei ya santuri yenyewe, ndiyo maana nawashawishi wanunuzi wachukue kadhaa kwa kifurushi kimoja. Na tangu Julai 2021 kila kifurushi cha bidhaa iliyouzwa kinachoingia nchi za Umoja wa Ulaya hutozwa kodi ya ongezeko la thamani hata kiwe cha thamani ndogo. Mwambie mnunuzi mapema, asije akadhani umemficha.

Kufunga nako kunalinda daraja ulilotoa. LP itoe ndani ya jalada, uiweke nyuma yake katika karatasi yake ya ndani, vinginevyo itatikisika njiani na kupasua mshono, na jalada uliloliandika VG+ litafika VG. Juu na chini weka makaratasi magumu ya boksi mawili mawili, mistari yake ikipishana, yawe makubwa kuliko santuri. Peleka posta asubuhi, usiache kifurushi ndani ya gari saa za jua.

Kulikuwa na siku nilichoka. Nimesikiliza upande wa B wa santuri ya senti chache, umejaa kelele, na jioni imekwisha. Nikamwambia shangazi mkubwa kwamba hizi ndogondogo naona niziandike VG zote, nimalize. Hakukasirika. Alinikumbusha kile kisa cha Mtume, rehma na amani zimshukie, na muuza nafaka sokoni, jinsi alivyotia mkono ndani ya lundo akakuta chini kumelowa ilhali juu ni kukavu. “Yaliyolowa yaweke juu, mwanangu, watu wayaone. Nasi tutakula kilichopatikana.” Nilirudi kwenye mashine. Zile ambazo kweli hazistahili kusikilizwa moja moja niliziuza kwa mafungu, nikaandika wazi kwamba zimetazamwa tu hazikupigwa, na bei nikaiweka kwa kudhani ni G.

Daftari lilizua maswali yake. Kwa nini benga iliyochakaa imepata fedha nyingi kuliko Bhalo inayolia vizuri? Ikabidi nieleze kwamba wanunuzi wangu wa ng'ambo wanaitafuta zaidi benga ile, na nakala zake zilizosalimika ni chache kwa kuwa zilipigwa hotelini na baa mpaka zikaisha. Taarab wanaijua zaidi watu wa hapa, na wa hapa hununua kwa kusikia: huja nyumbani, huketi, huomba wapigiwe. Kwao herufi hazina kazi. Wakipenda hulipa papo hapo, na mara mbili hivi mtu alilipa zaidi ya nilichoomba kwa sababu wimbo ulikuwa wa harusi ya mama yake.

Zile za F na P bado ninazo, zilizopasuka na zinazoruka. Nyingi hazikuwahi kutolewa tena kwa njia yoyote, na lebo yake pekee inaonyesha jina la kikundi, mtunzi na nambari ya santuri. Pale kati ya mfuo wa mwisho na lebo pana herufi na nambari zilizochorwa kwenye plastiki yenyewe, na wanaotafiti muziki wetu huzitumia kujua santuri ilitoka kundi gani la kiwandani. Kwa hiyo kila moja naipiga picha lebo zote mbili, nanakili nambari hizo chini ya taa, narekodi hata nusu ya wimbo inayopigika, na kuziweka mahali pamoja. Ukikuta santuri ya Mzuri imekatika vipande viwili nyumbani kwa bibi yako, fanya hivyo kwanza, halafu uamue kama utaitupa.